Talaka ya Mwoka Mikate

Naanza kwa jina la Yule aliyeumba akili akaificha ndani ya mfupa, asiijue mtu akili ya mwenziwe ila kwa yatokayo kinywani. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyeuzuia ulimi wake. Namwomba anisitiri nisimsingizie maiti wala nisimkwaze aliye hai, kwa kuwa hiki ni kisa cha neno moja lililotamkwa likaaminiwa.

Watu wake si wengi. Wa kwanza ni Alawi bin Shee, mwoka mikate wa mjini Tukuyu, ambaye babu yake alipanda huku kutoka Kilwa na mzigo wa chumvi asirudi tena pwani. Wa pili ni Siwema, aliyekuwa mkewe kwa miaka ishirini na miwili. Wa tatu ni Mwanaasha, binti yao wa pekee. Kisha yuko Amri, mdogo wake Alawi, fundi wa baiskeli. Na Sheikh Suleimani, imamu wa msikiti na mwalimu wa chuo cha Kurani. Yuko Bi Ikupa, mjane wa Kinyakyusa, mtu wa kanisani, aliyempa Siwema chumba siku alipokosa pa kulala. Na wa mwisho ni daktari wa hospitali ya misheni, Asajile, kijana wa Ikuti aliyesoma mbali akarejea kwao. Mwaka ulikuwa wa elfu moja mia tisa sabini na nne, mwaka wa vijiji vipya na unga wa mgao, ambapo watu walipanga foleni ya mkate tangu umande haujakauka.

*

Siwema alifika hospitalini asubuhi yenye ukungu, amebeba chungu cha uji wa ulezi alichokifunga kwa kanga. Bi Ikupa alikuwa nyuma yake na kichane cha ndizi kichwani. Walikuwa wamepanda lori la chai hadi njia panda, kisha wakatembea kwa miguu, na matope mekundu yalikuwa yamewapanda mpaka kwenye vifundo.

Dirishani alikaa karani kijana, kalamu sikioni.

"Shikamoo mama. Unamtaka nani?"

"Marahaba. Alawi bin Shee. Aliletwa juzi na Landrova ya kilimo."

Karani akafungua daftari. "Wewe ni nani wake?"

Kusema mke ni uongo, na Siwema hakuzoea uongo. Kusema mtalaka mbele ya foleni ile, na wengine ni watu waliokula mikate ya nyumba yake, kulimshinda.

"Mtu wa kwao," akasema.

"Mtu wa kwao nani? Dada? Shangazi? Hapa hapana mahali pa 'mtu wa kwao', mama."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Bi Ikupa akashusha ndizi zake chini kwa kishindo. "Andika mpishi, mwanangu. Uji huo hapo, unauona. Au unataka na cheti cha uji?"

Karani akaandika *jirani*. Siwema alikuwa akijua kusoma, akaliona neno lile kinyumenyume kutoka upande wake wa dirisha, wala hakulipinga. Katika miezi kumi na minne tangu aachwe alikuwa amejifunza kutopinga.

Kabla wino haujakauka Mwanaasha akatokea kwenye ukumbi, mtandio umemwanguka mabegani. Hakuhitaji kusema. Hata hivyo alisema, kwa kuwa ulimi hutafuta kazi ya kufanya moyo unaposhindwa.

"Mama, baba amekwenda. Tangu adhana ya alfajiri. Alishikwa na kifafa tena, kisha hakuamka."

Siwema akakitua chungu chini taratibu, usije uji ukamwagika, kana kwamba bado yuko wa kuunywa. Akapiga hatua mbili kuelekea chumba cha wagonjwa. Ya tatu hakuipiga. Mwanamume yule alikuwa haramu kwake akiwa hai. Akiwa maiti, nani angemwambia kwamba ni halali?

*

Jambo lenyewe lilitokea hivi.

Alawi hakuwa na saa wala kipimajoto. Mkate aliujua kwa pua. Unga ukiumuka alikuwa akisema, "Umeiva harufu," na ukiwa tanurini alikaa mbali akizungumza na wateja, kisha akanyanyuka ghafla katikati ya neno akaufungua mlango wa tanuri, na mkate ulikuwa rangi ya asali. Watu walimwita Pua ya Mungu, mpaka Sheikh Suleimani akawakanya.

Kisha, miaka mitatu kabla ya mwaka huo, pua ile ikafa. Haikufa kwa mafua wala kwa homa. Siwema alikuwa wa kwanza kujua, alipomwona mumewe akinywa maziwa yaliyochacha bila kukunja uso. Alawi alimshika mkono usiku huo huo. "Nisitiri, Mama Mwanaasha. Mwoka mikate asiye na pua ni kinyozi kipofu." Naye akamsitiri. Walipatana: yeye akae nyuma ya pazia la magunia, na mkate ukiiva akohoe. Akikohoa mara moja, tayari. Mara mbili, unaungua. Wateja walimpa pole kwa kifua, na wazee wakamletea asali na tangawizi. Kwa miaka miwili Siwema alikohoa kikohozi kisicho chake, na mji mzima ukala mkate mzuri.

Lakini Alawi naye akaanza kubadilika. Akacheka msibani. Akamtukana mteja wa miaka, kisha akasahau kwamba amemtukana. Watu wakasema ni kiburi, wengine ni pombe ya siri, wengine amerogwa na wenye wivu. Siwema alisema ni uchovu.

Asubuhi moja foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye duka la ushirika. Unga ulikuwa wa gunia la mwisho la mgao. Siwema akakohoa mara mbili. Alawi akaendelea kuzungumza. Akakohoa tena, mpaka koo likamwuma. Moshi ukaanza kupenya kwenye mlango wa tanuri, na Siwema, akiuona unga wa watu wote unakuwa majivu, akasahau pazia, akatoka.

"Baba Mwanaasha! Mkate! Hunusi?"

Mtu mmoja akarudia kwa mzaha, "Hunusi, Pua ya Mungu?" na kicheko kikapita kama upepo kwenye migomba. Alawi akamgeukia mkewe. Uso wake, Siwema alisema baadaye, haukuwa na hasira. Ulikuwa mtupu kama sahani. Akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu mikate: "Siwema, nimekuacha. Talaka moja. Ya pili. Ya tatu."

Sheikh Suleimani aliwaita mashahidi baada ya Ijumaa. Aliuliza swali linalopaswa kuulizwa. "Alipotamka, akili zake alikuwa nazo?"

Amri ndiye aliyejibu, kwa kuwa alikuwa kwenye foleni. "Alikuwa nazo. Alitoa chenji bila kukosea, na Adhuhuri tulisali naye bega kwa bega."

Alawi mwenyewe alipoulizwa alitabasamu, akasema, "Nilisema."

Siwema aliulizwa kama ana neno. Neno alikuwa nalo moja, la pua. Lakini lile lilikuwa siri ya mumewe, na alikuwa tayari ameivunja mara moja mbele ya watu. Hakuivunja mara ya pili. Akatikisa kichwa. Talaka ikapita.

*

Daktari Asajile aliwakuta wameketi kwenye ubao wa ukumbini: Amri, Mwanaasha, na Sheikh Suleimani aliyefika na gari la kuchukua maiti. Siwema na Bi Ikupa walikaa kando, kwenye ngazi.

"Poleni sana, wazee wangu," akasema, akaketi nao chini badala ya kusimama. "Kabla hamjamchukua, nina ombi, na najua ni zito. Nilimpima marehemu siku mbili. Nilimchungulia ndani ya macho kwa taa. Jicho moja mshipa wake umefifia kama majivu, na jicho la pili umevimba. Kuna magonjwa mawili ya kichwani yanayoweza kumbadili mtu mzima namna hii. Mmoja ni wa kunyauka, ubongo husinyaa wenyewe taratibu. Mwingine ni uvimbe. Kwa nje yanafanana. Yote huanza kama utovu wa adabu. Nataka mniruhusu nifungue fuvu, niangalie."

Amri akasimama. "Kaka yangu si mbuzi wa machinjoni!"

"Sikusema hivyo, kaka."

"Amekufa. Ukijua jina la ugonjwa, atafufuka?"

"Hatafufuka." Daktari akainamisha kichwa, kisha akauliza, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha: "Hebu niambieni jambo moja. Alikuwa akinusa?"

Amri na sheikh wakatazamana. "Kunusa?" akasema Amri. "Yule? Mji mzima ulimwita kwa pua yake."

Hapo ndipo Siwema aliposema kutoka kwenye ngazi, bila kuinua macho.

"Hakuwa akinusa. Miaka mitatu sasa."

Wote wakageuka. Alieleza, na sauti yake ilikuwa kavu: maziwa, pazia, kikohozi. Alipofika kwenye kikohozi Mwanaasha akaziba mdomo kwa mtandio, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimchemshia mama yake tangawizi.

Daktari akamgeukia. "Mama, kwa nini hukumwambia mtu?"

"Aliniambia nimsitiri."

"Kuna uvimbe unaoota chini kabisa, nyuma ya paji la uso, juu ya pua," akasema daktari polepole. "Kwanza hukata mishipa ya kunusa. Halafu hulala juu ya sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asiseme kila kinachomjia. Mtu huhesabu, husali, hutoa chenji. Lakini breki hana. Nikifungua nikaukuta, nitautambua papo hapo, nitautoa huo tu, na kila kitu kitarudi mahali pake kabla ya adhuhuri. Nisipoukuta, basi ni ule wa kunyauka, na huo haujulikani bila ubongo kukaa kwenye dawa wiki tatu. Hilo sitawaomba. Nitafunga, mtazika, na hatutajua."

Amri alikuwa ameketi tena. Mikono yake yenye grisi ya minyororo ilikuwa ikishikana na kuachana. Alielewa kabla ya wengine. Kama kile kitu kimo, basi yeye alimtolea mtu asiye na hatamu ya ulimi wake ushahidi kwamba anayo.

"Sheikh," akasema, "ni halali?"

Sheikh Suleimani alikuwa amezishika tasbihi bila kuzihesabu. Alijua heshima ya mfupa wa maiti. Alikuwa ameifundisha kwa miaka thelathini. Alijua pia kinachoweza kutoka katika kichwa kile, na kwamba kingemgonga yeye kabla ya mtu mwingine.

"Maiti havunjwi kwa udadisi," akasema. "Lakini hapa pana haki ya aliye hai. Talaka ya aliyepotewa na akili haipiti. Ikiwa haikupita, mwanamke huyu ni mjane, ana eda, ana mirathi, ana ruhusa ya kumwosha mumewe. Mimi nilihukumu kwa nililoambiwa. Ikiwa ushahidi umo humo ndani, sina haki ya kuuzika." Akamtazama Amri. "Wewe ndiwe walii wa maiti. Idhini ni yako."

"Bi Siwema," akasema Amri. Tangu talaka alimwita hivyo. Zamani alikuwa akimwita shemeji. "Wewe wasemaje?"

"Mimi si mtu wake," akajibu. "Hapo dirishani nimeandikwa jirani." Kisha akaongeza: "Mwacheni mzima, Amri. Alikuwa hapendi kuguswa kichwa hata na kinyozi."

Amri alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya wagonjwa. Kisha akachukua kalamu ya karani akatia sahihi.

*

Wakangoja. Mvua ya Rungwe, ile isiyo na haraka, ikaanza. Bi Ikupa akamenya ndizi akamshikisha Siwema, naye akaishika bila kuila.

"Nyie Waswahili," akasema Bi Ikupa, "maneno yenu yana panga. Kwetu mume akisema ondoka, unamngoja anywe maziwa, halafu unamwuliza tena: umesemaje? Marehemu wangu alinifukuza mara tisa. Mara ya tisa nikamwambia, taata, tangulia wewe. Akatangulia kweli, maskini, na mimi nipo."

Siwema akacheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Bi Ikupa akamkumbatia.

"Alikuja," Siwema akasema kwenye bega lake. "Ule msimu wa mvua, ulipokuwa umekwenda Kinyala kwa dada yako. Hakuwa na shati. Alipiga mlango akasema, 'Siwema, mkate umeungua.' Mara nyingi. Nami niko ndani nimeshika komeo. Nikasema moyoni, huyu ni haramu kwangu, nikimfungulia namwasi Mola. Alikaa mpaka Amri akaja kumchukua. Sikumfungulia, Ikupa."

Bi Ikupa akaitoa ile ndizi mkononi mwake, akaushika mkono wenyewe.

*

Daktari alitoka amevua aproni, mikono inanuka dawa. Alibeba bakuli la bati lililofunikwa kwa kitambaa, na alisita kulifunua mpaka Siwema alipoinuka mwenyewe akaja.

Kilikuwa kitu cha ukubwa wa yai la bata, cha rangi ya gimbi lililomenywa, kigumu, chenye vinundu.

"Huu hapa," akasema. "Haukuota kwenye ubongo, umeota kwenye utando unaoufunika, ndiyo maana ulitoka mzima, ukaacha shimo la umbo lake. Ubongo wenyewe ulikuwa mzuri. Ungekuwa ni ule ugonjwa wa kunyauka, ningeukuta umesinyaa ndani ya fuvu kama ndizi iliyosahauliwa juani ndani ya ganda lake. Kipande kidogo nitakipeleka Dar es Salaam kikatazamwe kwa hadubini, lakini sina shaka."

"Ni wa lini?" akauliza sheikh. "Hilo ndilo swali langu. Ulikuwapo siku ile?"

"Mzee wangu, mfupa ulio chini yake umenenepa. Uvimbe wa namna hii hukua polepole, na mfupa hujibu polepole vilevile. Mfupa haunenepi hivyo kwa mwezi, wala kwa mwaka. Miaka mitano, pengine kumi. Siku aliyotamka maneno yale, ulikuwapo, na ulikuwa mkubwa."

Sheikh Suleimani akasema, "Basi mfupa umeshuhudia dhidi yangu." Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Siwema binti Hamadi, mbele ya hawa nasema: talaka ile haikupita. Hukuachwa hata saa moja. Ulikuwa mke wake siku zote, na leo ni mjane wake. Kosa ni langu, sikuuliza vya kutosha. Nakuomba msamaha wako kabla sijamwomba Mola."

Siwema akamgeukia daktari.

"Kama ningesema," akauliza. "Ile siku ya maziwa. Kama ningesema?"

Daktari alikuwa kijana, lakini hakuwa mwongo. "Wako wanaopasuliwa, mama, huko miji mikubwa. Wengine hupona. Wengine hufia mezani. Siwezi kukuapia."

"Wengine hupona," akarudia.

Siku zote, alikuwa amesema sheikh. Siku zote ilikuwamo siku ile ya mvua, na lile komeo mkononi mwake. Haki yake ilikuwa imerudi, na ilikuwa imekuja na mlango ule.

*

Walimwosha nyumbani Tukuyu, katika chumba nyuma ya tanuri lililopoa. Amri alisimama nje ya pazia la magunia, lile lile, akipitisha ndoo za maji ya uvuguvugu. Ndani alikuwamo Siwema peke yake na maiti wake. Daktari alikuwa ameshona kwa uangalifu, kutoka sikio hadi sikio, nyuma ya mstari wa nywele, mahali ambapo kofia huficha. Siwema aliupitisha mkono juu ya mshono ule taratibu, kwa kuwa alikuwa hapendi kuguswa kichwa.

Akamwosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama sheria isemavyo. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nzito.

"Shemeji. Niongeze maji?"

Mkono wa Siwema ukasimama. Miezi kumi na minne hakuitwa neno lile.

"Ongeza, shemeji. Ya mwisho yatie karafuu maiti."

Harufu ikajaa chumba, kali na baridi, ikapanda mpaka machoni. Siwema akachota kwa kiganja, akampaka kwenye paji la uso, penye kusujudu, pale pale ambapo nyuma yake paliota kile kitu. Kisha kwenye ncha ya pua. Akainama sikioni kwake, asisikie mtu nje.

"Ni karafuu maiti, Baba Mwanaasha," akasema. "Usihangaike. Nakunusia mimi."

Kisha akakohoa mara moja. Amri aliposikia akajua kwamba maiti yuko tayari, akaingiza sanda.

*

Alizikwa baada ya Alasiri, na Siwema akakaa eda yake miezi minne na siku kumi katika nyumba yake mwenyewe.

Ewe Mola, Wewe ndiwe Mjuzi wa kilichomo ndani ya mafuvu kabla hayajafunguliwa. Msamehe Alawi neno ambalo halikuwa lake. Msamehe shahidi aliyesema alichokiona, na hakimu aliyehukumu kwa alichokisikia. Mwepesishie yule kijana kazi ya mikono yake. Na Siwema, na bintiye, na mjane aliyempa paa, wajaalie riziki isiyoungua na usingizi usiogongewa mlango. Na sisi tuliobaki, utupe ulimi wa kusema siri mapema pale siri inapoua. Amina.